Mwenye Duka na Mwenzake

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii huvuka mto Nyando pale Ahero, akapita karibu na mashamba ya mpunga, na baada ya mwendo usio mrefu akawasili Katito, katika nchi ya Nyakach. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea Sondu hata Kisii, na ya pili hushika mkono wa kuume ikielekea Kendu Bay na Homa Bay. Njia zikutanapo, watu nao hukutana. Na watu wakutanapo, haichukui muda mrefu kabla mmoja hajaweka chini kikapu chake na kungoja mnunuzi. Ndivyo masoko mengi yalivyozaliwa, na Katito ni mojawapo.

Nililijua soko hilo tangu utotoni mwangu, na jambo moja lilikuwa likinishangaza. Maduka yalisimama bega kwa bega, na karibu yote yaliuza vitu vile vile: sukari, chumvi, sabuni, viberiti, majani ya chai na mafuta ya taa. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani kwamba wenye maduka hayo ni maadui, maana kila shilingi iliyoingia kwa mmoja ilikuwa imemkosa mwenzake. Walakini kila asubuhi niliona mtoto wa duka hili akitumwa duka lile kuomba chenji, au kuuliza kama lori la sukari limekwisha pita, au kutaka kujua kama mtu fulani ni mlipaji mwema wa madeni. Naye aliulizwa mambo kama hayo na kurudi na majibu. Kumbe watu hawa walioshindana mchana kutwa walikuwa pia wakifundishana.

Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila mwanafunzi wa historia. Mkulima hujifunza kwa baba yake au mama yake shambani. Seremala hujifunza kwa fundi wake. Mwalimu hupelekwa chuoni. Mfanyabiashara je, hujifunza kwa nani? Ajuaye vizuri zaidi siri za kazi yake ni mfanyabiashara mwenziwe, na huyo ndiye mwenye sababu kubwa ya kumficha. Katika insha hii nataka tuitazame pwani ya ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, tuone jinsi watu wake walivyojaribu kulitatua fumbo hilo, mahali walipofaulu, na mahali walipokwama.

Yafaa tuanze kwa kuondoa kosa moja. Wako waliodhani kwamba biashara ililetwa ziwani na wageni. Si kweli. Kabla ya reli, mitumbwi ilivuka maji ikichukua nafaka, samaki, chumvi na mifugo. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na mafundi wa Samia yalisafiri mbali na kwao, na vyungu vya wafinyanzi wa Nyakach vilibadilishwa kwa chakula. Watu walijua kupima, kubishana bei, na kumtambua mdanganyifu. Lililokuwa geni baadaye lilikuwa namna mpya ya biashara: duka lenye bidhaa za kutoka ng'ambo, fedha za sarafu, leseni ya serikali, mkopo wa benki, na daftari la hesabu.

Reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa mwezi wa Desemba mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, na ambapo leo ni mji wa Kisumu. Pamoja na reli walikuja wenye maduka wa Kihindi. Aliyekuwa mashuhuri kuliko wote alikuwa Allidina Visram, aliyezaliwa mwaka 1851 huko Kachchh, magharibi mwa India. Alifika Unguja mwaka 1863, akiwa angali mtoto wa miaka 12 tu, akaingia katika kazi ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo ambaye aliwapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi. Kwa Sewa Haji alijifunza jinsi mzigo unavyofungwa, jinsi msafara unavyogharamiwa, na jinsi deni la mtu aliye mbali linavyodaiwa. Baadaye alifungua maduka yake mwenyewe katika njia za misafara, kisha katika njia ya reli, hata Kisumu na Uganda. Alipofariki mwaka 1916 jina lake lilikuwa likijulikana tangu pwani hata maziwa makuu.

Angalia, msomaji, jinsi elimu ilivyopita. Kijana aliitwa kutoka India na jamaa yake aliyetangulia. Alilala nyuma ya duka, akafagia, akapima sukari, akajifunza kuandika daftari, na kwa miaka kadhaa hakuwa na mshahara wa kujivunia. Alipokuwa ameiva, alipewa bidhaa kwa mali kauli, yaani achukue sasa na alipe akisha kuuza, naye akaenda kufungua duka katika kituo kingine. Akikwama, alikuwa na wa kumwandikia barua. Maisha hayo yalikuwa magumu, na wengi walishindwa. Lakini kijana huyo alikuwa na vitu vitatu ambavyo duka haliwezi kuishi bila ya hivyo: mwalimu, mtaji, na mtu wa kumwuliza.

Mwafrika wa pwani ya ziwa alisimama upande wa pili wa kaunta. Aliona bei ya kuuzia. Bei ya kununulia hakuionyeshwa. Aliona mizani ikipanda na kushuka, wala hakuona barua zilizokwenda Kisumu na Mombasa kuagiza mali. Elimu ile ilipita ndani ya ukoo na ndani ya jamaa wa dini moja, naye hakuwa na mjomba katika duka. Alipoamua kufungua duka lake, ilimbidi ajifunze kwa kupoteza fedha zake mwenyewe, na mwalimu wa namna hiyo ni ghali.

Hata hivyo hakukaa akilia. Mwaka 1927 wafanyabiashara Waafrika wa Kisumu waliunda chama chao cha biashara, na miongoni mwa walioongoza alikuwamo John Paul Olola. Tusidharau hatua hiyo kwa kuwa chama kilikuwa kidogo. Hapo kwanza kila mwenye kibanda alikwenda peke yake mbele ya mkubwa wa wilaya kuomba kiwanja au leseni, na akikataliwa hakujua kama kosa ni lake au la sheria. Watu kumi wanapokaa pamoja na kila mmoja akaeleza yaliyompata, hutambua mara moja kwamba wote wamekwaa jiwe lile lile. Huo ndio mwanzo wa elimu ya biashara: kuweza kutenganisha kosa la mtu na mawe yaliyowekwa njiani.

Na mawe yalikuwapo. Sheria ya mwaka 1935 ya kuuza mazao ya Waafrika iliweka masoko maalumu na leseni za wanunuzi, na mchuuzi mdogo aliyezoea kuzunguka vijijini akinunua kikapu hapa na kikapu pale alijikuta amebanwa. Tena palikuwa na sheria za mkopo. Chini ya sheria ya mwaka 1948, mtu asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila kibali hakuweza kulidai deni hilo mahakamani. Serikali ilisema kwamba sheria hiyo ni ya kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake yalikuwa mengine. Mwenye duka la jumla hakutaka kumpa mali kauli mtu ambaye mahakama haitamlazimisha kulipa. Basi mwenye duka Mwafrika alinunua kwa fedha taslimu, kidogo kidogo, kwa bei ya juu, kisha akashindana na jirani aliyepewa mzigo mzima kwa ahadi ya miezi mitatu.

Vita kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya askari walirudi makwao wakiwa na fedha mikononi. Walikuwa wameona Misri, Uhabeshi na Burma, na wengi hawakutaka kurudi kuishi kwa jembe tu. Walifungua maduka. Maduka mengi ya namna hiyo yalifungwa kabla hayajazeeka, na sababu zinafahamika. Mtu alichanganya fedha za duka na fedha za nyumbani. Alimkopesha shemeji, kisha jirani wa shemeji. Aliuza kwa bei ya jirani yake bila kujua kwamba jirani alinunua kwa bei nafuu zaidi. Wazee wetu wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hivyo ndivyo zilivyopotea nyingi. Serikali ilijaribu kusaidia kwa mafunzo ya wafanyabiashara katika Shule ya Jeanes huko Kabete, lakini Kabete ni mbali na ziwa, na mtu aliyerudi na cheti alirudi kuwa peke yake tena nyuma ya kaunta yake.

Wakati huo ndipo alipojitokeza mwalimu mmoja wa Maseno, Jaramogi Oginga Odinga. Alikuwa amesoma Maseno, Alliance na Makerere, na tangu mwaka 1943 alikuwa mkuu wa shule ya mifugo hapo Maseno. Aliona kwamba Waafrika wangedharauliwa daima maadamu hawakuweza kuonyesha kwamba wanajua kuendesha shughuli kubwa kwa fedha zao wenyewe. Pamoja na wenzake alianzisha chama cha kuweka akiba huko Bondo, kisha akaacha ualimu ili ashike kazi hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 1947 chama hicho kiliandikishwa kuwa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation, yaani shirika la akiba na biashara la Wajaluo. Katika Kisumu lilijenga jumba la Ramogi House. Lilikuwa na maduka, na pia kiwanda cha kuchapa ambamo magazeti ya Waafrika yalipigwa chapa.

Mara nyingi historia husimulia habari za shirika hilo kwa majengo yake. Mimi napenda tutazame safari zake. Ili kuuza hisa, Odinga alisafiri katika Afrika ya Mashariki akiwatafuta Wajaluo waliokuwa wakifanya kazi katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kila alipofika ilimlazimu kueleza hisa ni nini, faida hupatikanaje, na kwa nini gawio halilipwi mwezi ule ule fedha zinapotolewa. Karani wa reli, mpishi wa hoteli, mvuvi na mwalimu walikaa katika chumba kimoja wakiuliza maswali juu ya mtaji. Kwa wengi hiyo ilikuwa shule ya kwanza ya biashara ya kisasa. Mwaka 1953 Odinga alitembelea India, akajionea mwenyewe nchi iliyokuwa imejipatia uhuru miaka sita tu kabla. Mwaka huo huo alifanywa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Luo Union, umoja uliokuwa na matawi katika miji mingi na uliojulikana kwa usemi wake kwamba umoja ni nguvu. Kwa hiyo palikuwapo mtandao wa watu walioaminiana, na habari za biashara zilipita humo kama maji katika mfereji.

Walakini shirika halikukua kama lilivyotarajiwa. Sheria na mashaka ya serikali ya kikoloni vililibana, jambo ambalo Odinga mwenyewe alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967. Lakini tusiitupe lawama yote nje, maana historia iandikwayo hivyo haimfundishi mtu. Fedha iliyokwisha geuka kuwa ukuta wa jumba haiwezi tena kununua magunia ya sukari. Makarani waliojua hesabu za kampuni walikuwa wachache. Na mwaka 1957 Odinga alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Tangu hapo siasa ya uhuru ilidai nguvu zake zote. Hapa pana funzo. Elimu iliyokusanywa na wengi ilikuwa imewekwa mno katika kichwa cha mmoja, na kichwa hicho kilipoitwa kwingine, wengi walibaki na hisa bila ya maarifa ya kuziendesha.

Tena palikuwa na ukuta mwingine. Mfanyabiashara wa Kihindi alijifunza kwa jamaa zake, na Mjaluo kwa Wajaluo wenzake, na Mzungu katika klabu yake. Kila kundi lilikuwa na chama chake cha biashara, na kila chama kilijua nusu ya habari. Ukuta huo ulianza kubomolewa baada ya uhuru. Mwaka 1965 vyama vya biashara vya Waafrika, vya Waasia na vya Wazungu viliunganishwa kuwa Chama cha Kitaifa cha Biashara na Viwanda cha Kenya. Kuunganisha vyama kwa karatasi ni rahisi kuliko kuunganisha mioyo, lakini tangu hapo mwenye duka la Katito na mwenye ghala la Kisumu wangeweza kukaa katika mkutano mmoja kama wanachama sawa.

Labda mwanafunzi atauliza: je, haja hii ya kufundishana si ya maskini tu, walionyimwa shule na mikopo? Tutazame ng'ambo kidogo. Mwaka 1727, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, kijana mpiga chapa aitwaye Benjamin Franklin alikusanya mafundi na wafanyabiashara wenzake katika chama kilichoitwa Junto, wakawa wakikutana kila Ijumaa jioni. Katika maswali waliyojiwekea kuyajibu mlikuwamo haya: kama kuna mtu mjini ambaye biashara yake imeanguka siku hizi, na sababu yake ni nini, na kama kuna aliyefanikiwa, na kwa njia gani. Yaani walikwenda kutafuta kuanguka kwa watu ili wakuelewe, wala si ili wakucheke.

Na mwaka 1950, katika mji wa Rochester huko huko Marekani, kijana aitwaye Ray Hickok, ambaye alirithi kiwanda cha mikanda cha baba yake akiwa na miaka 27, alianzisha chama cha wakuu vijana wa makampuni. Mtu huyu alikuwa na fedha, makarani na wanasheria. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kweli. Mfanyakazi humwogopa bwana wake, mshindani humficha, na jamaa humsifu ili apewe. Mkuu mwenziwe wa kampuni nyingine hana sababu ya kumwogopa wala ya kumsifu. Chama hicho kimeenea katika nchi nyingi za dunia, na tangu hapo vimezaliwa vingine vya mfano wake. Twaona basi kwamba upweke wa mwenye duka na upweke wa mkuu wa kampuni ni ugonjwa mmoja, ijapokuwa mmoja hulala juu ya gunia na mwingine juu ya godoro.

Sasa turudi Katito, maana huko ndiko nilikoliona jambo hili kwa macho yangu kabla sijalisoma katika kitabu chochote. Bibi yangu alikuwa muuza maharagwe. Yeye na wanawake wenziwe wa sokoni walikuwa na nyoluoro, yaani chama cha mzunguko ambacho kila mmoja hutoa fedha kidogo kwa zamu, na zote zikapewa mmoja wao. Wakati mmoja mama mmoja, naye pia muuza maharagwe, alikosa kutoa mchango wake mara mbili. Nilidhani watamfukuza. Walimketisha chini ya mti, na bibi yangu akamwambia, "Dada, hatukukuita tukuaibishe. Tuhesabie."

Akahesabu. Gunia alilinunua Sondu kwa shilingi 2,400. Kwa fikira zake lilitoa gorogoro 45, na kila gorogoro aliiuza shilingi 60. Basi alipata 2,700, na faida yake ilikuwa 300. Wenzake wakamwuliza maswali. Je, kweli hupata 45? La, akikumbuka vizuri, kwa sababu ya ile nyongeza anayowatilia wanunuzi juu ya kipimo, hupata 42. Basi mapato ni 2,520. Nauli ya lori? Shilingi 80. Mpagazi? Shilingi 40. Ushuru wa soko? Shilingi 20 kwa siku, na gunia huchukua siku nne. Jumla ya gharama ni 200. Bibi akachora mistari mavumbini kwa kijiti: 2,400 na 200 ni 2,600, naye ameuza kwa 2,520. Katika kila gunia alilobeba kwa jasho alikuwa akipoteza shilingi 80, naye alidhani anapata.

Yule mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba usiku mwingi alikuwa akidhani mwanawe humwibia fedha, na alikuwa amekwisha mpiga kwa ajili hiyo. Hakuna aliyesema neno. Hata leo naukumbuka ukimya ule kuliko hesabu zenyewe, maana ulinionyesha kwamba kutojua hesabu hakumharibii mtu mfuko tu.

Wakamshauri apunguze nyongeza, na anunue pamoja na mwenzake ili wagawane nauli. Na mwenzake huyo akawa bibi yangu, aliyeuza maharagwe hatua chache tu kutoka hapo. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwuliza kwa nini amemfundisha mshindani wake. Alinijibu kwamba yule akianguka nyoluoro itakatika, na wote watapoteza zamu zao. Tena mnunuzi wa maharagwe huenda mahali penye wauzaji wengi, wala haji kwa mmoja. Hakuzungumza habari za wema. Alizungumza habari za faida, naye alikuwa ameiona mbali kuliko wanaume wengi wenye daftari.

Tukiyalinganisha mambo haya yote, chama cha Kisumu cha mwaka 1927, shirika la Odinga, Junto ya Franklin, chama cha Hickok na nyoluoro ya Katito, twaweza kuona masharti ambayo pasipo hayo watu hawawezi kufundishana. La kwanza ni siku maalumu, maana wanaokutana kwa bahati huzungumza habari za mvua tu. La pili ni idadi ndogo, ili kila mmoja apate kusikilizwa. La tatu ni amana: lililosemwa chini ya mti libaki chini ya mti. La nne, ambalo ni gumu kuliko yote, ni ujasiri wa kuonyesha hasara. Mtu asimuliaye faida yake tu hatoi funzo lolote, kwa kuwa faida huweza kuja kwa bahati. Hasara iliyohesabiwa mbele ya wenzako hukufunza wewe, na huwaepusha wao. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua.

Lakini sitaki kuwaachia wasomaji wangu picha iliyopakwa sukari. Wafanyabiashara wakutanapo, lipo jambo jingine wanaloweza kufanya, nalo ni kupatana kupandisha bei. Adam Smith, mwalimu wa Uskoti aliyeandika juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, alionya kwamba watu wa kazi moja hawakai pamoja mara nyingi bila mazungumzo yao kugeuka kuwa njama juu ya wanunuzi. Onyo hilo halijachakaa. Wenye maduka wanaofundishana jinsi ya kupunguza nauli humsaidia mnunuzi. Wanaokubaliana kwamba sukari isiuzwe chini ya bei fulani humwibia. Mkutano ni ule ule, na viti ni vile vile. Tofauti ni kama mlango ungefunguliwa ghafula na mnunuzi akasikia yasemwayo, je, wangeendelea kusema au wangenyamaza?

Miongoni mwenu ninyi msomao sasa, wako watakaokuwa na maduka, na wako watakaokuwa wakuu wa makampuni yenye ghorofa na magari. Shuleni tumewafundisha kuficha majibu yenu kwa mkono wakati wa mtihani, na katika mtihani ni haki. Nje ya mlango wa shule kanuni hiyo itawadhuru. Mtahitaji watu wachache wa kazi yenu ambao mtakaa nao siku maalumu, nanyi mtayafungua madaftari yenu mbele yao. Kuwapata si rahisi, na njia ya kuwapata ni moja: mtu mmoja aanze kwa kulifungua lake.

Kila nipitapo Katito mimi huutazama mti ule. Bibi yangu amekwisha fariki, na yule mama aliyekuwa akipoteza shilingi 80 amekuwa mzee. Aliendelea kuuza maharagwe kwa miaka mingi baada ya siku ile, na yule mwanawe alisoma kwa fedha za maharagwe hayo.